Mpira wa Maji ya Mabibo

Kila walipomaliza kuokota korosho katika shamba la kijiji, wasichana wa darasa la sita walibaki chini ya mikorosho kufanya mazoezi ya rede. Wawili walirusha mpira kutoka pande mbili, na aliyekuwa katikati aliukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Akiguswa, hata upindo wa nguo tu, ametoka. Mpira wa matambara waliutunza kwa ajili ya mechi, kwa hiyo mazoezini walirushiana mabibo yaliyoiva. Doa la bibo halitoki hata ukimaliza mche mzima wa sabuni, basi hakuna aliyeweza kukana kwamba ameguswa. Zuhura ndiye aliyerudi nyumbani na nguo safi kuliko wote, na alijua kuringa.

Balaa lilianza walipocheza na wasichana wa Mikindani. Mpira ulimgusa Zuhura kwenye upindo wa sketi. Mwamuzi hakuona. Zuhura akakaza uso, akajaza chupa, wakashinda. Lakini Sharifa, nahodha wa Mikindani, alikuwa ameona, na habari zikasambaa. Tangu siku hiyo kila mechi iliisha kwa ugomvi. Wakikwepa, waliambiwa wameguswa. Wakishinda, waliambiwa wameiba.

Mwishowe Mwalimu Theresia, msimamizi wa timu yao, akawaita. "Nimechoka kuamua ugomvi. Mkigombana tena, naiondoa timu mashindanoni."

"Kwani sisi tumekosa nini, Mwalimu?" Rehema aliuliza huku machozi yakimlengalenga.

Zuhura alimtazama rafiki yake, na aibu ikamshika. "Hawajakosa kitu, Mwalimu. Siku ile niliguswa, nikanyamaza."

Wenzake wakamkodolea macho. Mwalimu akauliza, "Sasa utafanyaje?"

"Twende Mikindani tukarudie mechi. Mpira tutauchovya kwenye maji ya mabibo, ili mtu asibishe."

"Na sketi zetu?" Rehema alifoka.

"Nitaanza mimi kuingia katikati."

Jumamosi walianza safari mapema pamoja na Mwalimu. Zuhura alijitwika ndoo ya maji ya mabibo, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia. Walipofika uwanjani alikwenda moja kwa moja kwa Sharifa.

"Uliona sawasawa, dada. Niliguswa. Nisamehe. Tumekuja kurudia mechi, na mpira tutauchovya humu."

Sharifa aliitazama ndoo, kisha akaisogeza pembeni kwa mguu. "Mama ataniua nikirudi na madoa ya bibo. Tucheze na mpira mkavu. Ukiguswa, utasema mwenyewe."

Zuhura aliingia akiwa amedhamiria kushinda. Alikwepa, akainama, akaruka. Chupa ilikuwa imebaki kidogo tu kujaa mpira ulipopita juu yake ukamgusa nywele. Filimbi haikulia. Hata Sharifa alikuwa ameshageuka kuufuata mpira.

"Nimeguswa," Zuhura akasema, akatoka.

Rehema akaingia, akajitahidi mpaka jasho likamchuruzika, lakini alitolewa kabla chupa haijajaa. Wakashindwa. Zuhura aliumia moyoni, wala hakuficha. Hata hivyo, hakuna aliyegombana, na Sharifa alikuja kuwapa mikono wote.

Njiani Rehema aliuliza, "Mwalimu, timu bado unaiondoa?"

"Siiondoi. Leo mmecheza vizuri kuliko siku mliyoshinda." Kisha akamgeukia Zuhura. "Mwanangu, ukiwa mkweli, watu hawatatafuta doa kwenye nguo yako. Watakuuliza wewe, na watakuamini."