Salamu Isubiri, Msumeno Uzimwe

Mika alikuwa fundi seremala katika kijiji kimoja karibu na Irente. Karakana yake ilikuwa banda la mabanzi kando ya nyumba, na mlango wake ulitazama njia ya kwenda sokoni. Alitengeneza milango, madirisha na vitanda. Kazi zake zilinyooka, na watu walimpenda. Ila alikuwa na haraka, jamani! Haraka yake ilimchosha hata mke wake, Efrazia.

Mika alikuwa na msumeno wa umeme, ule wa kushika mkononi, wenye diski ya chuma yenye meno. Msumeno huo ulikuja na kinga, yaani kifuniko cha meno. Ukikata, kinga inasogea nyuma yenyewe. Ukimaliza, inarudi kuyafunika meno. Mika aliona inamchelewesha, basi akaivuta nyuma akaifunga kwa waya. Pembeni mwa msumeno kulikuwa na kitufe cha kufungia swichi. Alikibonyeza kila mara, ili diski iendelee kuzunguka hata akilegeza kidole.

"Baba Shukrani, hiyo kinga si ina kazi yake?" Efrazia alimuuliza.

"Ina kazi ya kunichelewesha," Mika alijibu akicheka. Efrazia hakucheka.

Mama yake Efrazia, Bibi Jenoveva, aliishi mlimani, juu ya kijiji. Kila siku ya soko alipita karakanani. Alikuwa mama mpole, lakini kwenye salamu hakuwa na mchezo. Mkwe asiyemwamkia mama mkwe wake? Kwa Bibi Jenoveva jambo hilo halikuwa hata na jina.

Siku moja alipita na kikapu cha mapeasi. Akasimama mlangoni. Mika alikuwa ameinama, msumeno unanguruma. Hakumwona wala hakumsikia. Bibi alingoja, kisha akaenda zake kimya.

Jioni Efrazia alimwambia mumewe, "Mama amekasirika. Anasema alisimama mlangoni kwako mpaka miguu ikamuuma, nawe hukumtupia hata jicho."

Masikio ya Mika yaliwaka kwa aibu. "Mimi nimnyime mama shikamoo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Haitatokea tena," Mika akasema.

Maskini Mika, alikusudia mema. Siku ya soko iliyofuata ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Mika alikuwa anakata ubao wa paini. Mkono wa kulia ulishika msumeno, wa kushoto ulishika ubao. Meno ya diski yalikuwa butu, kwa hiyo ilimbidi asukume kwa nguvu. Na huku anasukuma, jicho moja lilikuwa njiani.

Mara akaona kitenge cha mama mkwe kikitokeza kwenye ukungu. Aligeuka palepale.

"Shikamoo mama!" alipaza sauti, akiinama kwa heshima.

Mkono wa kulia ulilegea. Diski ilibanwa na ubao. Msumeno uliruka nyuma kwa nguvu, ukapita juu ya mkono wake wa kushoto.

Bibi Jenoveva alipiga yowe. Msumeno ulianguka chini, lakini haukuzima. Ulijizungusha kwenye vumbi la mbao kama mbuzi aliyekanyaga moto. Bibi akaukimbilia ili auondoe karibu na Mika.

"Mama, usiuguse!" sauti ilimzuia.

Alikuwa Yudith, jirani yao, mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi mjini. Alikuwa amesikia yowe. Yudith hakwenda kwa Mika kwanza. Alikwenda ukutani, akazima swichi kubwa ya umeme. Msumeno ukanyamaza. Ndipo akachukua kitambaa safi, akakikandamiza kwenye jeraha.

"Inua mkono juu, Baba Shukrani. Tunabana hivi hivi mpaka hospitali. Tusifunue kuangalia."

Efrazia alipata gari la jirani, wakateremka mjini. Daktari alishona kwa muda mrefu. Alipomaliza alisema, "Vidole vyote vipo. Lakini viwili vimekatwa mishipa ya kuvikunja. Nimeiunganisha. Kama vitakunjika tena au la, siwezi kuahidi leo."

Maneno hayo Mika alirudi nayo nyumbani. Aliogopa kweli. Fundi asiyeweza kushika ubao ni fundi gani?

Bibi Jenoveva alikuja kila asubuhi na uji wa moto. Alikaa kando ya mkwe wake, akalia. Yudith alipokuja kuwajulia hali, alimkuta hivyo.

"Shikamoo mama."

"Usiniamkie, Yudith. Salamu yangu ndiyo iliyomkata mtoto wa watu."

"Hapana, mama. Hebu tuutazame msumeno wenyewe."

Aliuleta, ukiwa umechomolewa kwenye umeme. Akaonyesha waya uliofunga kinga. "Kinga hii ingekuwa huru, msumeno ulipotoka kwenye ubao ingeyafunika meno. Na hiki kitufe cha kufungia swichi, Baba Shukrani, usikitumie kwenye msumeno wa mkono. Ukiachia kidole, umeme ukatike hapo hapo."

"Kweli," Mika alisema kwa sauti ndogo.

"Meno nayo ni butu. Meno butu hayakati, yanabana, na yakibana msumeno unaruka. Yanolewe, au ununue diski nyingine. Ubao haushikwi kwa mkono. Ubane mezani kwa jiriwa, kile chuma cha kubania mbao, kisha mikono yote miwili ibaki kwenye msumeno."

Yudith alivuta waya wa umeme. Sehemu moja ilikuwa imechubuka, nayo imezungushiwa mfuko wa nailoni. Hapakuwa na plagi. Mika alikuwa akiingiza nyaya tupu kwenye soketi na kuzikaza kwa njiti za kiberiti.

"Na huku kwetu kwenye ukungu?" Yudith alitikisa kichwa. "Siku yoyote ungepigwa na umeme. Badilisha waya wote, weka plagi. Na kila unapotaka kusafisha vumbi au kubadilisha diski, chomoa kwanza. Kuzima tu hakutoshi."

Mika akauliza kile kilichomsumbua. "Yote nimekubali. Lakini Yudith, mtu mzima amesimama mlangoni, nami nimeinama tu nakata. Si dharau?"

Yudith aligeuka. Alimtazama Bibi Jenoveva.

Bibi alifuta macho. "Dharau ni mimi kutaka unitazame huku chuma kinazunguka," alisema. "Nitangoja, mwanangu. Na wengine watangoja. Mimi mwenyewe nitawaambia."

Mika alifanya mazoezi ya mkono kama daktari alivyomwelekeza. Yaliuma. Kuna siku alitaka kuyaacha, lakini Efrazia hakumpa nafasi. Jeraha lilipopona, alifungua waya kwenye kinga kabla ya jambo lingine lolote. Yudith alimsaidia kubadilisha waya wa umeme na diski. Efrazia alimnunulia miwani ya kukinga macho. Diski mpya ya meno makali ilikata bila kusukumwa, na Mika akagundua kwamba sasa anamaliza kazi mapema kuliko zamani.

Siku moja ya soko Mzee Lucian, mmoja wa wazee wa kijiji, alifika karakanani. Msumeno ulikuwa unanguruma. Bibi Jenoveva alikuwa amekaa kwenye benchi la nje.

"Hodi! Fundi!" Mzee Lucian aliita, akitaka kuingia.

"Simama hapa nami," Bibi alimwambia. "Msumeno bado."

"Mkwe wako siku hizi haamkii watu?"

"Anaamkia vizuri sana. Akishazima."

Wakangoja. Mika alimaliza kukata, akaachia swichi. Alisubiri diski isimame kabisa. Akachomoa plagi, akavua miwani, akatoka nje.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Alinyoosha mkono wa kulia, kama alivyofundishwa tangu utotoni.

"Marahaba," Bibi alisema. "Nipe na wa kushoto."

Mika alisita. Mtu mzima hapewi mkono wa kushoto. Lakini Bibi alikuwa ameshanyoosha wake, anangoja. Basi akampa. Vidole vyake vyenye kovu vilijikunja polepole, vyote, vikaushika mkono wa mama mkwe wake.