Mgonjwa wa Jumapili

Haya yalimpata rafiki yangu, mtaalamu wa kompyuta katika kliniki moja ya macho. Jumapili mchana alikwenda kazini peke yake, kwa kazi aliyodhani ni ya dakika kumi: kuhamisha miadi yote iliyoangukia wikendi iende Jumatatu.

Ikamchukua saa tatu nzima. Mashine iliihesabu Jumapili kuwa siku ya kwanza ya wiki, wakati kwetu ya kwanza ni Jumamosi, jina lenyewe linasema: mosi. Akarekebisha amri, wagonjwa wakaangukia Jumanne. Akarekebisha tena huku akisonya. Hatimaye miadi yote ikahama, isipokuwa ya mtu mmoja, ya leo hii. Aliibadilisha kwa mkono mara tatu, na mara zote tatu ikarudi Jumapili.

Akampigia mkuu wake. "Bosi, huyu mmoja atanitia wazimu!"

"Mtu mmoja tu? Mfute, dada, ukapumzike."

Akamfuta. Papo hapo umeme ukakatika, na chumba kile kisicho na dirisha kikawa giza totoro. Nje ya mlango, benchi la wagonjwa likalia kama linavyolia mtu mzito anapokaa.

"Nani? Leo tumefunga!"

Kikasikika kikohozi kidogo, cha mtu asiyetaka kusumbua. Hakuthubutu kufungua mlango.

Umeme ukarudi, kompyuta ikawaka, orodha ikafunguka. Jina lile alilolifuta lilikuwepo, na pembeni yake pameandikwa: "Amefika. Anasubiri kuitwa."