Kengele ya Tangi la Ibtisam

Ibtisam aliishi Temeke na mumewe, Masoud, mwenye duka. Kila maji ya bomba yalipotoka, tangi lao lilifurika. Ibtisam alipenda kuunda vitu kwa redio mbovu na nyaya, akaamua kutengeneza kengele ya kumjulisha tangi likijaa.

Alisikia kwamba zebaki, madini ya majimaji yanayong'aa, hupitisha umeme. Akanunua kipimo cha zamani cha presha ya damu, chenye zebaki ndani, kwa Mbwana, muuza vyuma chakavu. Alipokifungua, kioo kilivunjika. Zebaki ikatawanyika sakafuni, vitone vitone.

Yumna, bintiye wa miezi tisa, alikuwa akitambaa kuvifuata. Ibtisam akamnyakua, kisha akashika ufagio.

"Usifagie, mama Yumna." Aliyesema mlangoni alikuwa jirani yake, mama Felicitas, muuguzi mstaafu. Alikuwa amesikia kioo kikivunjika.

"Shikamoo, mama. Imemwagika kidogo tu."

"Marahaba. Mpeleke mtoto dukani kwa baba yake. Zebaki hutoa mvuke. Huuoni wala husikii harufu yake, lakini unaharibu ubongo wa mtoto. Ukifagia, unaitawanya."

Ibtisam aliporudi, walifungua madirisha. Mama Felicitas alimvua bangili ya dhahabu, kwa sababu zebaki hushika dhahabu. Walivaa glavu, wakamulika sakafu kwa tochi. Vitone vikubwa walivisukuma kwa karatasi ngumu, vidogo wakavinasa kwa selotepu. Vyote wakavitia kwenye chupa na kukaza kifuniko.

"Nikaimwage chooni?"

"Hapana, itaingia kwenye maji. Tumwite afisa afya wa kata aichukue."

Ibtisam aliketi kizingitini. "Mie niliwaza tangi tu," alisema. "Mtoto sikumfikiria."

"Hukujua. Siku nyingine, kabla hujafungua kifaa cha zamani, uliza kina nini ndani."

Chumba kilikaa wazi, bila mtu, hadi kesho yake, afisa afya alipofika. Aliichukua chupa na kukikagua chumba.

Wiki ile Ibtisam aliunda kengele nyingine. Boya la plastiki lilipanda na maji, likagusanisha vipande viwili vya bati, kengele ya saa mbovu ikalia. Masoud akafunga bomba kwa wakati.

Ibtisam hakutulia. Alirudi kwa Mbwana, akamweleza yote. Mbwana alitazama vipimo viwili vilivyobaki.

"Vingine nimevivunja mwenyewe, nipate bati," alisema taratibu. "Kwa mikono hii."

Akaviinua kwa uangalifu, akaviweka kando. Kisha akaomba namba ya afisa afya.