Kamba Aliyoiacha Mume Wangu Shambani

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Ninaandika haya nikiwa Kilole, Korogwe, kwa shangazi yangu, nilikorudi na begi moja na jina bovu. Ndugu wasomaji, nisomeni hadi mwisho, maana nikinyamaza nitapasuka!

Niliolewa Chanika, Handeni. Mume wangu, Rajabu, alikuwa mlinzi wa mgeni mmoja kutoka ng'ambo aliyepanga nyumba Masuguru, huku Korogwe. Mgeni alipoondoka nchini, Rajabu akarudi na sanduku la mbao lenye matundu. Akalifungia stoo, akasema ni vifaa vya umeme vya bosi wake, nisiviguse. Mimi mke mtiifu... sikugusa.

Nilikuwa nauza chapati na maharage, na nyuma ya nyumba nafuga kuku. Kuku wakaanza kupungua. Kila asubuhi nikawa namlaani kicheche, na Rajabu anaitikia, tena kwa uchungu kuliko mimi!

Jioni moja, magharibi inaingia, nikamsikia akimwambia mtu kwenye simu, "Ile kamba nimeiacha kule shambani kwa mama watoto. Itajitafutia." Nikamjia juu. Kamba ya mbuzi wangu ilikuwa haionekani, kumbe ameisahau shambani! Akacheka, akasema atanunua nyingine. Na kweli akanunua.

Haukupita muda, chatu akaonekana kwenye mahindi yangu. Si chatu tunaowajua sisi... Mweupe, ana mabaka ya manjano, wala hakimbii mtu. Wazee wa Kizigua waliozaliwa palepale walisema hawajapata kumwona wa namna ile. Basi maneno yakaanza. Nyoka wa utajiri! Mbona chapati zake zinakwisha mapema? Anafuga huyo! Nanyi mnajua, mtu akisemwa "anafuga" kwa sauti ile, hawazungumzii kuku.

Wateja wakakatika. Jirani tuliyekuwa tukiombana chumvi akawakataza wanawe kula kwangu. Mwishowe mwenyekiti wa mtaa akatuita. Nikaenda kifua mbele. Si mume wangu yupo? Atanisemea.

Rajabu akasimama, akatazama chini.

"Mimi kazi zangu ni za kusafiri," akasema. "Anachofuga mke wangu nyumbani, mimi sikijui."

Jamani! Baba wa watoto wangu! Siku ileile mama mkwe akanifungashia nguo. Talaka ikanifuata Kilole, watoto wakabaki kwao. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Juzi, jua limeshazama, shangazi akanishika mkono mlangoni. "Simama hapohapo mwanangu, kuna kamba kizingitini." Nikatazama... kinyoka cheusi kikapita zake. Shangazi ni mtu wa zamani, giza likiingia hamtaji nyoka kwa jina, anamwita kamba asije akaitika. Na Rajabu alilelewa hivyohivyo!

Nikakaa chini palepale. Kamba gani hujitafutia chakula, ndugu zangu? Na mimi nikagombea kamba ya mbuzi! Kuku wangu wote waliishia kwenye lile sanduku!

Nikampigia simu. Hakukana. Chatu alikuwa wa yule mgeni, naye Rajabu aliagizwa ampeleke kwa watu wa wanyamapori. Akaona bora amtafutie mnunuzi. Mnunuzi hakupatikana, chatu akazidi kukua, ndipo Rajabu akamtupa shambani kwangu.

"Ulitaka niseme nifungwe?" akaniuliza. "Yako wewe ni maneno tu. Yataisha."

Maneno tu! Chatu bado yumo mashambani, na wanangu hupita palepale wakienda shule. Alilijua hilo, akanyamaza! Watu wa wanyamapori nimeshawaarifu, na kesho mimi na shangazi tunakwenda Handeni, kwa mwenyekiti yuleyule, mbele ya watu walewale. Nataka jina langu, na nataka watoto wangu.

Wenzangu, mnyama wa nchi za watu ukimchoka usimwachie porini, mkabidhi wanaohusika. Na wewe dada, mumeo akikuletea sanduku lenye matundu, lifungue siku hiyohiyo. Vifaa vya umeme havipumui!