Kiti cha Nne Kwenye Safu

Ofisi ya tiketi za ndege ya Bwana Omari ilikuwa hatua chache kutoka soko kuu la Morogoro, kwenye chumba kilichowahi kuwa duka la kaya. Watu wazima waliopita pale bado walikumbuka foleni za sukari na sabuni walizopanga mlangoni hapo. Sasa, mwaka 1997, mlango ulikuwa wa kioo, ukutani palikuwa na picha ya ndege inayopaa, na nyuma ya meza alikaa Felista, mwenye rasta ndefu na blauzi ya njano iliyopigwa pasi ikanyooka kweli kweli. Alizaliwa Matombo, alipanga chumba Bigwa, alikuwa na miaka ishirini na saba, na ulimi wake haukuwa na likizo.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, siku ambayo mboga za milimani hushuka kwa wingi, kelele za wauza karoti zilikuwa zikiingia ofisini bila kubisha hodi. Pamoja nazo aliingia mwanamume mrefu, koti la mtumba la drafti mwilini, mtoto wa kiume begani na wa kike kamshika kidole. Mbele yake walikuwapo watu sita. Alisimama foleni kwa adabu hadi yule wa begani alipomvua miwani na kuitupa sakafuni.

"Jamani, mpisheni baba watoto kabla hajawa kipofu," Felista alisema. Watu wakacheka, wakampisha.

"Nakwenda Norwe kusoma, miaka miwili," mgeni alisema akiketi. "Lakini kabla hujaandika chochote, dada, nataka viti vya pamoja. Rafiki yangu alisafiri na mwanawe wa miaka mitano. Mtoto alipangiwa safu ya kumi na mbili, baba ya thelathini. Mtoto alilia kutoka Dar mpaka Amsterdam."

"Na baba?"

"Baba alilia pia, ila kimya kimya."

Felista aliuma kalamu asicheke. "Huyu mdogo ana umri gani?"

"Eric? Miaka miwili na miezi miwili."

"Basi umechelewa kwa miezi miwili. Asiyetimiza miwili ni wa kupakatwa. Hana kiti, anakaa mapajani kwa mama yake. Akishatimiza, ni abiria kamili kama wewe."

"Mama yake alifariki mwaka jana," yule baba alisema taratibu, na mkono wake ukaenda kichwani kwa binti.

Felista aliweka kalamu chini. "Pole sana, kaka." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akachora mistari minne kwenye karatasi. "Ndege kubwa ina safu ya katikati ya viti vinne. Nikiwapa vitatu, cha nne atakaa mtu msiyemjua, na watoto watammwagia juisi."

"Wafadhili wanalipia mtu mzima wa pili wa kunisaidia. Bado sijampata."

"Basi cha nne tukishike wazi. Jina tutaandika baadaye."

Jina la mwanamume huyo lilikuwa Deogratias, mtu wa Bukoba, mhadhiri wa mambo ya udongo katika chuo kikuu cha kilimo pale mjini. Jumatatu alirudi kuleta pasipoti. Jumatano alirudi bila sababu yoyote, akasimama akisoma bango la ndege kama mtu anayesoma mtihani. Kuanzia Ijumaa, simu ya mezani ikawa na mazoea ya kulia saa nne kamili asubuhi.

"Ofisi ya tiketi, karibu."

"Naulizia kiti changu kama bado kipo."

"Kipo, Mwalimu. Jana kilikuwepo, na juzi pia."

"Na cha nne?"

"Kiko wazi."

"Mwenyewe anajua kwamba ni chake?"

"Mwalimu, simu hii ni ya Bwana Omari."

"Basi mwambie Bwana Omari nampenda msichana wake."

Felista alikata simu, akabaki akimtabasamia mteja aliyekuja kulalamikia nauli.

Jumapili baada ya misa walikutana Bigwa, wakapanda taratibu njia ya mlimani, Eric begani kwa baba, dada yake Lucy mbele akichuma forosadi mpaka midomo ikawa myeusi. Felista alivaa gauni la maua na viatu vya wazi visivyofaa kwa mawe, na kila alipoteleza Deogratias alikuwa karibu kupita kiasi. Mara ya tano alimwambia, "Feli, unateleza hata palipo tambarare." Akajibu kwamba barabara za Bigwa hazina msaada. Alimpenda mtu huyo kwa moyo wote, na aliwapenda watoto wale kabla hata hajaamua kumpenda baba yao.

Mwezi wa tano Deogratias alimwomba ajaze kiti cha nne. "Andika jina lako. Tutafunga ndoa wiki moja kabla ya safari, tuondoke wanne."

Felista akaliandika jina lake kwa penseli.

"Kwa nini si kwa wino?"

"Mpaka mjomba aseme."

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Marehemu mke wa Deogratias alikuwa Mluguru wa Matombo, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Lucy na Eric walikuwa watoto wa ukoo huo, lukolo la marehemu, na mwenye sauti juu yao alikuwa kaka yake mkubwa, Mzee Alois. Baba anaweza kuwalisha, kuwavisha na kuwasomesha, lakini hawezi kuwavusha bahari bila neno la mjomba wao.

"Twende wote," Deogratias alisema. "Nikutambulishe."

Felista alitikisa kichwa. Ingekuwa heri asingekuwa mjuaji siku ile. "Mimi ndiye mtu wa kule, nisikilize. Ukienda na mwanamke mpya, wataona unawapeleka watoto wa dada yao kwa mama wa kambo, na mjomba atawazuia. Nenda peke yako. Waombe watoto kwanza. Mimi usinitaje hata kidogo. Akishakubali, wiki inayofuata unarudi na habari zangu."

"Na akiniuliza?"

"Kaa kimya. Ukimya wa mkwe ni adabu."

Deogratias alifuata ushauri huo kama mwanafunzi mwema. Alipanda hadi Matombo kwa gari la misheni, akakaa barazani kwa Mzee Alois, wazee wanne wa lukolo wakiwa wamejipanga kwenye benchi. Aliomba vizuri. Mzee Alois alimsikiliza hadi mwisho, akakuna ndevu.

"Shemeji, kusoma ni kuzuri. Lakini hawa watoto nani atawaogesha huko kwenye baridi? Una mtu?"

Deogratias alikumbuka alivyofundishwa. Akakaa kimya.

"Hana mtu," Mzee Alois aliwaambia wenzake. "Basi hatuwezi kumwacha hivyo." Akamwita mdogo wake wa mwisho, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa jikoni. "Cecilia, utakwenda na watoto wa dada yako. Wewe ni mama yao." Wazee wakaitikia. Pombe ikamiminwa, na Deogratias akapewa mkungu wa ndizi na kifurushi cha mdalasini wa kunywea chai Ulaya.

Alikusudia kumwambia Felista Jumapili ile. Ikapita. Akakusudia ile iliyofuata. Kuna wanaume hodari wa kupima udongo wa mkoa mzima, lakini neno moja la kumwambia mwanamke linawashinda uzito. Alipoulizwa alijibu, "Mjomba amekubali," jambo ambalo halikuwa uongo, Felista akalituma jina lake Dar, na huku yeye kwa siri akapeleka jina la Cecilia kwa wafadhili Dar ili pasipoti isichelewe. Alijidanganya kwamba atapata njia.

Faksi ya wafadhili iliingia Jumanne, Felista akiwa anakunywa chai. *Kiti cha nne: ondoa Felista, weka Cecilia.* Hakuna maelezo. Alisoma mara tatu, na chai ikapoa.

Kwa hiyo yupo mwingine. Ndivyo alivyowaza, na nani angewaza tofauti? Akakumbuka Jumapili mbili za mwisho, macho ya Deogratias yaliyokuwa yakitazama forosadi badala ya kumtazama yeye. Akainua simu, akapiga Dar, shirika la ndege.

"Ile safu ya Norwe ya tarehe kumi na sita Agosti, iachieni. Watawapanga popote."

"Dada Feli, wana watoto wadogo hao. Na ndege inajaa."

"Nimesema iachieni."

Saa nne simu ililia, hakuipokea. Deogratias akaja mwenyewe saa sita, akakuta kibao cha kufunga kwa chakula cha mchana mlangoni na Felista ndani, kamgeuzia mgongo.

Siku tatu alikula hasira yake bila mboga. Ya nne aliingia msichana mwembamba, kitenge kiunoni, ndala zenye udongo mwekundu wa Matombo, na mgongoni kambeba Eric aliyelala.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Naitwa Cecilia. Shemeji Deo hajui kama nimekuja. Nataka kuuliza, kwenye ndege watoto watakaa na mimi? Sijawahi kupanda. Huyu akiamka akiona sura ngeni hulia mpaka anatapika, na Lucy tangu mama yake afe halali bila kushika mkono wa mtu."

Felista alimtazama. Maneno ya kiburi aliyokuwa ameyaandaa kwa ajili ya mwanamke huyo yakamkauka mdomoni. "Nani amekwambia uende?"

"Kaka Alois. Alimuuliza shemeji kama ana mtu, shemeji akakaa kimya. Tukajua hana." Cecilia akamweka sawa mtoto mgongoni. "Mimi nilikuwa nataka kujifunza ushonaji kwa masista. Lakini ukoo ukisema, umesema."

Felista aliomba radhi, akaenda uani, akanawa uso kwenye pipa la maji. Ukimya ule alikuwa ameufundisha yeye, kwa kinywa chake mwenyewe.

Jioni ile alipokea simu.

"Feli, nisikilize."

"Nimeshasikia. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaniacha."

"Ningekuacha kwa ukweli? Nimekuacha kwa faksi, Deo. Ona tofauti."

"Nitarudi Matombo. Nitasema nina mchumba."

Felista alitaka kusema nenda, nenda hata kesho. "Ukienda, utawaambia wazee kwamba uliwaficha mbele ya baraza lao. Watasema wamepewa shemeji mwongo, na watawachukua watoto. Mjomba akishasema mbele ya ukoo, hasemi mara ya pili. Unaweza kuondoka bila Lucy na Eric?"

Upande wa pili Eric alisikika akimwita baba yake.

"Ndiyo hivyo," Felista alisema. "Na jambo lingine. Kwetu, mjomba akimtoa dada wa marehemu afuatane na watoto, hajakupa yaya. Amekupa mke."

"Usiseme hivyo. Cecilia ni mdogo wangu kabisa. Miaka miwili tu, mpenzi. Nitarudi kwako."

"Sawa, Mwalimu."

Kuanzia siku ile, kila asubuhi alipiga Dar kuirudisha safu aliyoivunja kwa mkono wake. Ndege ilikuwa imejaa. Alipata kiti kimoja nyuma, kimoja dirishani, viwili karibu na choo. Kufikia siku ya safari alikuwa amefikisha vitatu vya pamoja, na cha nne kikiwa mbali safu tisa. Hakuona njia nyingine, akaomba ruhusa kwa Bwana Omari, akaenda nao hadi uwanja wa ndege Dar es Salaam.

Pale kwenye mizani ya mizigo alimwendea bwana mmoja mwenye suti ya kijivu, mwenye kiti kilichobaki kwenye safu yao. "Shikamoo, baba. Naomba ubadilishane na msichana yule. Watoto ni wadogo na hawana mama."

"Wewe ni nani kwao?"

Swali lilikuwa dogo tu. "Mimi ni mkata tiketi," alisema.

Yule bwana akawatazama watoto, akatoa kadi yake ya kupandia ndege. Safu ikatimia. Deogratias akamsogelea Felista, macho mekundu, akamshika mkono mbele ya watu wote.

"Nitakuandikia kila wiki."

"Usiniahidi kitu. Wape watoto maji ndege inapopaa, wasiumwe sana masikio."

Lucy alikuwa amemshika Cecilia kidole, sketi mpya ya buluu, nywele zimesukwa na Felista mwenyewe usiku uliotangulia. Alihesabu kadi nne mkononi mwa baba yake, kisha akainua uso.

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mimi nakaa hapa, mama. Lazima mtu abaki kuwapangia viti vya kurudi."

Barua zilikuja kila wiki, kisha kila mwezi. Baada ya Krismasi ya pili hazikuja. Felista alikataa wachumba wawili, mmoja wao mwenye gari.

Mwezi wa tisa mwaka 1999 simu ya mezani ililia saa nne kamili.

"Ofisi ya tiketi, karibu."

"Feli. Ni mimi, Deo." Sauti ilikuwa na mwangwi wa mbali. "Tunarudi Desemba. Sikutaka kukusumbua, ila Lucy anasema wewe ndiye uliyetuahidi viti vya kurudi."

"Ni kweli, nilimwahidi. Mko wangapi?"

Kimya. Alikuwa bado anajua kukaa kimya.

"Watano," alisema hatimaye.

"Viti vitano?"

"Vinne, Feli. Mmoja ni wa kupakatwa."

Nje, wauza karoti walikuwa wakiitana. Felista alivuta fomu karibu. "Ana umri gani?"

"Miezi mitatu. Feli, nilitaka kukuandikia..."

"Miezi mitatu," alirudia. "Basi nitawaombea safu ya mbele kabisa, kuna kitanda kidogo cha kutundika ukutani. Cecilia apumzishe mikono. Nitajie majina kama yalivyo kwenye pasipoti."

Deogratias aliyataja moja moja. Felista aliyaandika yote matano kwa wino, na mara hii hakuacha nafasi wazi.