Hakukuwa na Radi Butiama

Fredy aliangushwa na mbuzi, si na risasi.

Alikuwa mbele kwa mita hamsini, Boksa yake ikirusha vumbi katika vichochoro vya Kabasa, mjini Bunda, mbuzi mweupe mwenye kamba shingoni alipokatiza. Pikipiki ikaenda huku, Fredy akaenda kule.

Gaudensia, askari aliyekuwa akimkimbiza, alizima Yamaha yake. Mkono mmoja ulishika bastola ya Glock, mwingine ukaokota simu ya Fredy. Kioo kilikuwa na ufa, lakini ramani ilionekana: Ziwa Victoria, kisiwa cha Rukuba, na alama nyekundu ikitambaa kama sisimizi.

Alama hiyo ilikuwa boti ya doria ya polisi. Ndani yake askari wanne.

"Ramani inatoka wapi?"

"Sijui, afande. Nabonyezaga tu, inafunguka."

Alimfunga pingu, akaita kwa redio kwa jina lake la kazini.

"Kengewa anaita Musoma."

"Musoma nakupata," alijibu Abraham, fundi mitambo wa idara, mtu wa chai ya rangi na maneno machache.

"Wauza bunduki wamefunga kifaa cha siri kwenye boti yetu. Wanaiona inapopita. Irudishe."

"Haiwezekani. Wamezima redio na simu kwa amri, wasisikike. Saa nane na nusu wanapita Rukuba. Matete ya pale yanaficha hata lori, watawavizia humo."

Ilikuwa saa saba na dakika hamsini.

"Basi zima hiyo seva, hiyo kompyuta inayowapa ramani."

"Siifikii. Haipo ofisini kwa mtu. Iko kwenye intaneti ya nyumbani, ya familia tu, na anwani yake inabadilikabadilika. Kampuni wanasema jina la mteja mpaka barua igongwe muhuri. Kesho kutwa."

"Kesho kutwa tutakuwa tunazika."

Abraham akakohoa. "Kuna kitu kimoja. Huwa inazimika ghafla. Jumanne saa kumi na dakika tano. Ijumaa saa saba kasoro kumi. Na siku hizo umeme haukukatika popote, nimeuliza."

Gaudensia alizikumbuka saa hizo.

Jumanne saa kumi na dakika tano alikuwa anaongea na mama yake kwa video. Mama Matrida alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, miwani imeteremka puani, mara ngurumo. "Ngoja nichomoe, mama, radi hiyo." Picha ikakatika. Ijumaa, hivyohivyo. Wingu likinguruma, mama yule huchomoa kila kilichomo ukutani, hata taa ya mezani iliyoungua zamani.

Intaneti ile aliiweka Gaudensia mwenyewe, Butiama, ili awe anauona uso wa mama yake. Aliyewasimamia mafundi ni mdogo wake, Magesa.

Alipiga simu ya kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nimekula." Hakuwa amekula. "Hapo sebuleni kuna kitu kipya kimechomekwa?"

"Si hili boksi jeusi la Magesa, nyuma ya kabati. Anasema ndilo linaleta picha yako vizuri. Linatoaga joto, vifaranga wangu wanalipenda. Kasema lisizimwe. Ila radi ikija nachomoaga, hapo hata yeye hanibishii."

Saa nane na dakika tano.

Akimwambia ukweli, mama atampigia Magesa kwanza. Ni mwanawe.

"Mama, kuna radi kubwa inakuja huko. Chomoa vyote."

"Mbona jua linawaka?"

"Inatokea Bunda. Mimi naiona."

Kandambili zikaburuzika sakafuni.

"Haya, wewe ndiye unaona. Nimechomoa."

Abraham akasema redioni: "Imezimika."

Gaudensia alimwacha Fredy kwa polisi wa Bunda, na alikuwa katikati ya barabara ya Butiama Abraham alipoita tena. Bila ramani, maboti mawili ya magendo yalitoka kwenye matete yakidhani doria imeshapita. Yakaikuta mbele ya pua. Bunduki kumi na tisa. Watu sita pingu. Askari wanne wazima.

"Kazi nzuri, Kengewa."

Akaongeza mwendo.

Sebuleni kwa mama alimkuta Magesa, aliyekuja kuliwasha boksi, amepiga magoti nyuma ya kabati, jasho linamtoka, waya mkononi, vifaranga wakilia miguuni pake. Mama alisimama mlangoni akiangalia mbingu.

"Magesa, weka waya chini."

Aligeuka, akaiona Glock, akacheka kidogo. "Dada, na wewe. Kompyuta tu hii. Wenyewe walisema niiwashe, nisiulize."

"Alama nyekundu ulijua ni nini?"

Angekataa, Gaudensia angemwamini. Alikuwa anataka sana kumwamini.

Hakukataa.

Alimfunga pingu mkono uleule aliowahi kuushika akimfundisha kuandika jina lake.

"Hakukuwa na radi," mama alisema.

"Hapana, mama."

"Ulisema unaiona."

Gaudensia akatazama sakafu. Mama aliinama, akaanza kuokota vifaranga mmoja mmoja, akiwaweka kwenye khanga. Hakuuliza Magesa anapelekwa wapi. Hakumtazama tena binti yake.

Gari la polisi lilimchukua Magesa na boksi lake. Gaudensia akavaa kofia ngumu, akaondoka bila kugeuka.

Karibu na Bunda, saa kumi na moja, wingu la kweli likanguruma kutoka ziwani, likielekea Butiama. Akasimamisha pikipiki. Kila radi ikishapita mama alimpigiaga: imepita, nimechomeka tena, usiwe na wasiwasi.

Akatoa simu, akaikinga na matone kwa kiganja. Akasubiri mpaka ngurumo ya mwisho ikafia milimani.

Simu haikuita.

Akaifuta, akairudisha mfukoni, akaingiza gia.