Pauni za Mweri

Kila Jumapili baada ya ibada, nyumba ya Mama Jumwa kule Mtopanga, Kisauni, ilikuwa ikinukia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama Jumwa alikuwa mjane wa miaka sitini na miwili, muuza mahamri na mbaazi, mwanamke asiyejua kugombana na mtu. Walikuwa wakila watatu: yeye, mwanawe wa kwanza Kaingu, na jirani yao Mwanakheri, ambaye swala yake ni ya msikitini lakini sahani ya Jumapili kwa Jumwa hakuikosa. Wakishamaliza kula, simu ya Kaingu ilikuwa ikilia, na uso wa Mweri ukitokea kwenye kioo kutoka Uingereza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi imepungua?"

"Yapungua, mama. Twashukuru Mungu."

Mweri ndiye kitinda mimba wa nyumba ile. Alikuwa amekwenda kule mwaka wa pili sasa, kutunza wazee: kuwalisha, kuwaogesha, kuwageuza kitandani. Kila mwezi alimtumia mama yake kitu kidogo. Kidogo kile kilitosha, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Ndugu zangu, amani ya nyumba ile iliondolewa na swali moja tu. Jumapili moja Kaingu alimuuliza dadake, "Hebu tuambie Mweri, kwani kwa mwezi washika ngapi?"

Mweri akajibu bila kufikiri. "Mkononi huja pauni elfu moja na mia sita."

Kaingu akabonyeza simu yake, akazidisha, akaruka kitini. "Laki mbili na sabini na mbili elfu! Mama, Mweri apata kuliko meneja wetu!"

"Kaka, usizigeuze shilingi," Mweri alisema kwenye simu. "Huku hazikai."

Lakini Kaingu alikuwa amekwisha kumgeukia Mwanakheri kumwonyesha hesabu ile, na maneno ya dadake hayakumfikia.

Wakati huo Kaingu alikuwa dereva wa foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, katika ghala moja Changamwe. Mshahara wake ulikuwa elfu thelathini na nane. Haikuwa pesa ya kujivunia, lakini ilimlipia kodi na bima ya afya ya mama yake, na sufuria haikukaa tupu. Tangu Jumapili ile alianza kuuona mshahara huo kama makombo. Akawa anafika kazini amechelewa. Msimamizi wake, Elkana, mtu wa bara aliyempenda kwa bidii yake, alimwita kando.

"Kaingu, sikia. Hizo pesa za sista ni zake. Usiache job na hujapata ingine."

"Mtegemea nundu haachi kunona," Kaingu alimjibu akicheka. Mwisho wa mwezi akaacha kazi.

Alipompelekea Mwanakheri habari hiyo, mama yule aliweka kifagio chini. "Nundu ya nani, mwanangu? Mie nijualo ni kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wallahi, mrudie bwana yule wa kazini umwombe msamaha."

Hakumrudia. Badala yake alianza kumwomba dadake. Kwanza friji, kisha televisheni, kisha makochi, kwa sababu nyumba ya mtu aliye na ndugu ng'ambo, alisema, haiwezi kukaa kama nyumba ya yatima. Mweri alituma mara mbili. Mara ya tatu alimweleza kwa upole.

"Kaka, mshahara niliokutajia ni nusu ya habari. Kodi yangu ya chumba ni pauni mia sita. Kuna umeme, kuna gesi, kuna basi la kwenda na kurudi, na wakala aliyenileta bado anakata zake. Mshahara wangu wauhesabu kwa shilingi, lakini mkate mimi naununua kwa pauni."

"Kwa hivyo wasema huna?"

"Nasema nina kidogo."

Kaingu alikata simu akamwambia mama yake kuwa Mweri amekuwa mchoyo, Ulaya imemwingia. Mama Jumwa alikuwa akikanda unga. Hakuinua kichwa. "Mwache mwanangu apumue," alisema. "Ni yeye peke yake kule."

Nanyi mnaosoma, msimhukumu Kaingu haraka. Wangapi kati yetu tukisikia mtu yuko ng'ambo, hesabu huanza kabla ya salamu? Nani amewahi kumuuliza ndugu yake bei ya kilo ya mchele kule aliko?

Mwezi wa kumi Mama Jumwa alianza kushikwa na tumbo. Alikunywa mwarobaini, akanywa maji ya tangawizi, mwishowe akashindwa hata kusimama mbele ya karai lake la mahamri. Kaingu na Mwanakheri wakampeleka hospitali. Daktari alipomaliza vipimo alisema ana uvimbe kwenye utumbo. "Si wa kungoja," alisema. "Utumbo unakaribia kuziba. Nimemwekea nafasi Ijumaa, apasuliwe." Bima ya afya ilikuwa imekatika miezi saba, tangu Kaingu aache kazi. Gharama ilikuwa laki mbili na sitini elfu, nao wakamrudisha mama nyumbani kungoja siku hiyo.

Mweri alipopigiwa simu aliuliza kiasi tena, akakiandika. "Nipe siku tatu," alisema.

Siku ya tatu, Alhamisi asubuhi, pesa ziliingia kwenye akaunti ya Kaingu, zote. Zilifuatwa na ujumbe: "Kaka, hizi ni za mama. Hakuna nyingine."

Laiti angetoka papo hapo akaenda hospitali! Lakini saa nne Boga alimpigia. Boga alikuwa muuza magari, mwenye yadi yake njia ya kwenda Nyali, na kwa miezi mitatu Kaingu alikuwa akipita pale kuishika shika Probox moja nyeupe aliyotaka kuifanyia teksi.

"Kaingu, gari yako yaondoka," Boga alisema. "Kuna mtu wa Malindi aja leo jioni na pesa taslimu. Ukiweka arubuni ya laki mbili saa hizi, namfukuza; zilizobaki utanilipa polepole."

Kaingu alikaa kwenye kitanda chake akiitazama simu. Akajiambia hivi: kama Mweri ameweza kupata laki mbili na sitini kwa siku tatu, zitamshinda vipi nyingine kwa siku tatu tena? Kwake si mshahara wa mwezi mmoja tu? Na gari ikianza kazi, si ni mama huyohuyo atakayekula? Aliyaamini maneno hayo, na hilo ndilo la kusikitisha. Kabla ya saa sita alikuwa amelipa.

Akarudi nyumbani akamwambia mama yake na Mwanakheri kuwa daktari amesafiri, upasuaji utakuwa Jumatano ijayo.

Mama Jumwa alikuwa amejikunja ubavuni, jasho likimtiririka. "Daktari naye ni binadamu, ana shida zake," alisema. "Tutamngoja."

Kisha Kaingu akatoka nje akampigia dadake. "Mweri, hospitali wameongeza. Wataka laki mbili zaidi."

"Kaka, sina."

"Jaribu."

"Haki ya Mungu, kaka Kaingu, sina."

"Mama yuko kitandani na wewe wasema huna? Pauni elfu na kitu tu, Mweri! Elfu na kitu!"

Alimsikia akilia. Halafu akasikia, "Nitajaribu." Kaingu aliona kazi imekwisha. Jumamosi alikwenda kuchukua gari.

Jumatatu asubuhi Mama Jumwa alianza kutapika, na tumbo lake likawa gumu kama ubao. Mwanakheri ndiye aliyepiga kelele. Wakambeba, wakamlaza kiti cha nyuma cha ile Probox, kichwa chake kwenye mapaja ya Mwanakheri. Walipokuwa wakivuka daraja la Nyali alifumbua macho akaangalia paa la gari.

"Gari hii ya nani?"

"Yetu, mama," Kaingu alisema.

"Yetu? Imepatikana kwa pesa gani?"

Kaingu alikanyaga mafuta. Kwenye kile kioo kidogo cha juu alimwona mama yake akimtazama, akimtazama tu, kisha akageuza uso wake akaulaza tumboni mwa Mwanakheri. Hakumsemesha mwanawe neno jingine.

Hospitalini hawakuuliza pesa kwanza. Walimpasua saa ileile, lakini utumbo ulikuwa umekwisha kupasuka na sumu imeenea. Jumanne adhuhuri Mama Jumwa aliaga dunia.

Daktari aliwakuta kwenye benchi. Alikuwa amechoka, na sauti yake haikuwa ya kugomba. "Nafasi ya Ijumaa ilikuwapo," alisema. "Nilikuwa hapa nikimngoja. Kwa nini hamkumleta?"

Mwanakheri aligeuka polepole. "Kaingu. Si ulitwambia daktari amesafiri?"

Kaingu alitazama sakafu. Mwanakheri alivuta leso yake, akajifunika uso, akainuka akaenda kukaa benchi la mbali. Hadi leo salamu humjibu, lakini haendi tena kukaa barazani kwake.

Mama Jumwa alizikwa kwao Ganze. Mweri hakuja. Kule kwenye mazishi watu walinong'ona, na baadhi hawakunong'ona hata kidogo: "Pauni zote zile, na kuja kumzika mamake ameshindwa!" Kaingu alisimama karibu na kaburi akayasikia yote. Neno lake moja lingemsafisha dadake, naye akalimeza. Kati ya yote aliyotenda, hilo ndilo analolirudia sana akilini.

Baada ya majuma mawili alishindwa kuendelea kuficha. Gari alikuwa amelirudisha kwa Boga, akapewa nusu ya alichotoa, nayo ikaishia kwenye deni la hospitali na la mazishi. Akampigia Mweri, akamwambia kila kitu: Ijumaa, Probox, daktari asiyesafiri, laki mbili za uongo.

Mweri hakulia wala hakumtukana. Aligeuza simu yake. "Tazama," alisema.

Kaingu akaona chumba kisichozidi jiko la mama yake. Vitanda viwili. Kwenye kimoja alilala mwanamke amevaa koti na kofia ya sufu. "Huyu ni Josephine, wa Zambia. Kodi yetu ni mia sita kila mmoja. Mashine ya joto hatuiwashi, yala pesa." Akafungua friji. Kwenye rafu yake kulikuwa na nusu mkate, mayai matatu na chupa ya maziwa. "Hii ndiyo laki mbili na sabini na mbili yako."

"Mweri..."

"Ngoja nimalize. Zile pesa za mama, nusu nilikopa kwa huyu Josephine na kwa watu wa riba. Nusu nyingine ilikuwa nauli yangu. Niliiweka akiba miaka miwili ili nije nimwone mama Krismasi. Uliponipigia mara ya pili nilikwenda kuomba zamu za ziada, nikafanya kazi siku tano bila kupumzika. Saa mama anakata roho, mimi nilikuwa namwogesha mama wa watu."

"Nisamehe, dadangu."

Mweri aliufunga mlango wa friji. "Sijui, kaka," alisema. "Sijui kama naweza." Na simu ikakatika.

Kaingu alirudi Changamwe. Foklifti ilikuwa na dereva mwingine. Alisimama langoni siku tatu, malori yakimpita na vumbi lake, mpaka Elkana akatoka. Hakumkumbusha maneno yale ya zamani. Alisema tu, "Kuna kibarua ya kupakia magunia. Ni ngumu, na malipo ni kidogo." Kaingu akavua shati.

Majuma mawili alibeba magunia ya kilo hamsini, mabega yakachubuka. Alipopokea malipo yake, alitenga elfu tano na mia moja akamtumia dadake. Alikuwa hajasikia sauti yake kwa miezi miwili. Alipoona kwenye simu kiasi kitakachofika upande wa pili, alidhani mashine imekosea, akasoma tena. Pauni thelathini.

Jibu lilikuja kesho yake wakati wa chakula cha mchana. "Zimefika. Nimelipia basi la wiki hii."

Alichotenga kutoka jasho lake la majuma mawili, kule kilikuwa nauli ya siku saba. Kaingu alikaa juu ya gunia, mkononi ameshika chapati ambayo hakuila, akalia mbele ya vibarua wenzake wote bila kujificha. Tangu siku hiyo humtumia kila apatapo. Mweri hujibu kuwa zimefika. Simu ya Jumapili haijapigwa tena.

FUNZO

Enyi wenzangu wa Kisauni, wa Likoni na wa Changamwe, na nyote mlio na mtoto, ndugu au mke ng'ambo: pesa haina uzito wake yenyewe, uzito wake ni bei ya mahali inapotumika. Mtu akikutajia mshahara wa kule, muulize pia kodi ya kule, nauli ya kule na bei ya unga wa kule, kisha ndipo uzungumze. Elfu thelathini na nane za Kaingu zilimlisha mama yake na kumtibu. Laki za Mweri hazikutosha kumpasha joto chumbani mwake.

Msiache kazi zenu kwa kutegemea jasho la mtu msiyemwona anavyolala. Na pesa iliyotumwa kwa ajili ya mgonjwa ni dawa; anayeitumia kwa jambo jingine, hata kwa nia ya kuirudisha, amemnyang'anya mgonjwa dawa mdomoni.

Nanyi mlioko kule, waambieni watu wenu ukweli mapema, friji na yote, kabla msiba haujawasemea.